Jinsi ya Kufundisha Vita vya Maji Maji Kwa Watoto wa Shule ya Msingi: Mwongozo Kamili

Mwulize mtoto wa darasa la tano Vita vya Maji Maji vilianza mwaka gani. Atajibu 1905 kabla hujafunga mdomo. Kisha mwulize Mwalimu Nyerere alikuwa na umri gani wakati huo. Wengi watabuni umri, na wengine watakuambia ndiye aliyeongoza vita. Nyerere alizaliwa Aprili 1922, miaka 17 baada ya vita hivyo vya kupinga utawala wa Wajerumani kuanza.

Hapo ndipo somo linapokwama kila mwaka. Watoto wanabeba majina na tarehe kichwani, lakini hawajui kipi kilitangulia, kipi kilisababisha kingine, wala tunajuaje kwamba kweli kilitokea. Mtihani ukigeuza swali kidogo tu, wanapotea. Sitaki kuwalaumu watoto. Tumezoea kuanza na tarehe na sababu tano za vita ubaoni, wakati mtoto wa miaka kumi au kumi na moja bado hajajenga picha ya urefu wa miaka mia moja. Jenga picha hiyo kwanza. Tarehe zitapata pa kukaa.

Mwongozo huu ni wa vipindi sita vya dakika 40, kwa darasa la nne hadi la sita. Unafaa darasa la watoto 35 na unafaa darasa la watoto 90, kwa sababu sehemu kubwa inafanyika nje.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Usianze kabla havijakamilika. Vingi ni vya bure.

- Kamba ya mita 14. Ya katani ni bora. Kamba ya plastiki inayovutika itakuharibia vipimo.
- Rula ya mita moja ya darasani, au futi ya fundi cherehani.
- Vipande vya katoni vya ukubwa wa kiganja, kama 30, na makapeni ya kuandikia.
- Vibanio vya nguo. Visipopatikana, toboa katoni na kufunga kwa uzi.
- Majivu ya jikoni, kama nusu ndoo, na mawe ya ukubwa wa ngumi, kumi hivi.
- Ramani ya Tanzania, hata ile ndogo ya kwenye kitabu.
- Konzi moja ya mtama na pamba kidogo. Pamba ya dukani inatosha. Tawi la mpamba lenye vitumba ni bora zaidi kama unaishi inakolimwa.

Onyo moja kabla hatujaendelea. Utasoma hapa chini kwamba dawa ya maji, ambayo wapiganaji waliambiwa itawakinga na risasi, ilikuwa na mafuta ya mbarika, ambayo wengine huyaita mafuta ya nyonyo. Usilete mbegu za mbarika darasani. Zina sumu kali, na mtoto akizitafuna zinaweza kumuua. Mtama unatosha kuonyesha.

## Hatua ya 1: Chagua swali moja la kubeba somo zima

Kabla ya kuandika andalio la somo, andika swali moja juu ya karatasi. Mimi napendekeza hili:

Kwa nini watu wasiokuwa na mtawala mmoja wala lugha moja walikubali kupigana pamoja?

Kwa nini liwe moja? Kwa sababu mtoto akipewa sababu tano za kukariri, anazipanga kichwani kama majina ya mitaa ya mji asioujua. Akipewa swali, kila jambo unalomwambia linapata kazi: linasaidia kujibu au halisaidii. Pamba inasaidia. Kodi inasaidia. Maji yanasaidia sana. Jina la gavana halisaidii mno, kwa hiyo litaje mara moja na kuendelea.

Liandike kwenye karatasi ya manila na ulibandike ukutani kwa vipindi vyote sita. Usilijibu. Mtoto akikuuliza jibu siku ya kwanza, mwambie tutalijibu pamoja siku ya mwisho.

Umefaulu hatua hii kama unaweza kulisoma swali lako kwa mtu asiyekuwa mwalimu naye akavutiwa kujua jibu. Akikuangalia tu, libadilishe.

## Hatua ya 2: Tandaza kamba ya muda (kipindi cha kwanza)

Hiki ndicho kipindi muhimu kuliko vyote. Ukikiruka, vingine vitano vitaanguka.

Nyumbani, kabla ya kipindi, pima mita 13 za kamba na kufunga fundo kila baada ya mita moja. Kumbuka fundo linakula kamba, kwa hiyo pima upya baada ya kila fundo. Mwanzo wa kamba ni mwaka 1900. Mwisho wake ni 2030. Kila mita ni miaka 10, na kila sentimita 10 ni mwaka mmoja.

Toka nje na darasa. Funga kamba kati ya miti miwili au nguzo za goli, kimo cha kifua cha mtoto. Kisha wape kanuni ya kupata nafasi ya mwaka wowote:

1. Chukua mwaka. Toa 1900.
2. Zidisha kwa 10. Hizo ndizo sentimita kutoka mwanzo wa kamba.

Fanya mmoja pamoja nao. Uhuru wa Tanganyika, 1961: toa 1900, inabaki 61, mara 10, sentimita 610. Yaani mita sita na sentimita kumi. Mtoto mmoja apime, mwingine abane kadi.

Anza na mwaka waliozaliwa wao. Usianze na 1905. Mtoto anaingia kwenye wakati uliopita kupitia mlango wa maisha yake mwenyewe. Mtoto wa 2015 atabana kadi yake sentimita 1150. Kisha arudi nyuma: mwaka aliozaliwa mtu mzima anayeishi naye, kisha babu au bibi kama anamfahamu. Hapa uwe mwangalifu na ulimi wako. Usiseme "mama yako" au "baba yako". Sema "mtu mzima unayeishi naye". Kila darasa lina mtoto aliyefiwa au anayelelewa na ndugu, na somo la historia lisiwe mahali pa kumuumiza. Asiyejua mwaka, apewe kadi ya tukio la taifa.

Matukio ya taifa ya kubana, ambayo nafasi zake watoto wazikokotoe wenyewe:

- Kifo cha Mwalimu Nyerere, 1999
- Vita vya Kagera kuanza, 1978
- Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, 1964
- Uhuru wa Tanganyika, 1961
- Kuanzishwa kwa TANU, 1954
- Kuzaliwa kwa Mwalimu Nyerere, 1922
- Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918

Mwisho kabisa, mpe mtoto kadi nyekundu ya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Itakaa kati ya sentimita 50 na 70, karibu na ncha.

Sasa nyamaza. Waache waangalie. Kisha uliza: kutoka Maji Maji hadi Uhuru ni mbali kiasi gani? Sentimita 560. Na kutoka Uhuru hadi ulipozaliwa wewe? Kwa mtoto wa 2015 ni sentimita 540. Karibu sawa! Watoto hushtuka hapa, maana kichwani mwao Maji Maji na Uhuru vilikuwa kama wiki mbili zinazofuatana. Uliza tena: Nyerere alipigana Maji Maji? Hakuna atakayehitaji kukariri jibu. Analiona.

Dalili ya kufaulu: mtaje mtoto yeyote, hata anayekaa nyuma, na umpe mwaka mgeni, tuseme 1947. Akitembea mwenyewe hadi karibu na fundo la tano aweke kidole kabla ya kufika, umevuka. Akisimama akikusubiri umsaidie, rudia kanuni na matukio mengine matatu. Usihamie hatua ya 3 kwa kuogopa azimio la kazi.

## Hatua ya 3: Wafundishe kuuliza "tunajuaje?" (kipindi cha pili)

Mtoto asiyejua historia inatoka wapi ataamini chochote, ama hataamini kitu. Lakini usimweleze maana ya "vyanzo vya historia" na kumwandikia aina zake sita. Fanya hivi.

Chagua jambo lililotokea mstarini asubuhi ileile au jana yake: mwalimu wa zamu alitangaza nini, nani alichelewa, bendera ilipandishwaje. Teua watoto wanne waliosimama sehemu tofauti. Kila mmoja aandike mistari mitano bila kuongea na wenzake. Wasome mbele ya darasa.

Hawatafanana. Mmoja atasahau tangazo, mwingine atakumbuka mbwa aliyepita, aliyechelewa ataandika kwa namna ya kujitetea. Uliza: kuna anayedanganya? Kwa nini wametofautiana? Tukitaka kujua kweli, tufanye nini?

Waache wafike wenyewe: tuwasikilize wote, tuangalie kila mmoja alisimama wapi, na tujiulize nani alikuwa na sababu ya kupunguza au kuongeza. Hiyo ndiyo kazi ya mwanahistoria, na mtoto wa miaka kumi anaiweza kabisa.

Halafu waunganishe na Maji Maji. Watawala wa Kijerumani waliandika taarifa zao, na ndani yake waliwatupia lawama waganga kwamba ndio waliowachochea watu. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kusini kuwahoji wazee waliokuwa hai wakati wa vita au walioishi na waliopigana. Wazee wale walizungumzia pamba, viboko, kodi na kazi ya kulazimishwa. Onyesha 1968 kwenye kamba: sentimita 680. Mzee aliyekuwa na miaka 15 vita vilipoanza, mwaka huo alikuwa na miaka 78. Inawezekana? Watoto wapige hesabu wenyewe.

Kazi ya nyumbani: kila mtoto amwulize mzee mmoja maswali mawili tu. *Ulipokuwa na umri wangu, mlikuwa mnakula nini wakati wa njaa? Je, bibi au babu yako alikusimulia jambo gani la zamani?* Yasizidi mawili. Mtoto anayebeba maswali kumi humchosha mzee, na hurudi na majibu ya neno mojamoja. Swali la njaa lina sababu yake. Utaliona hatua ya 6.

## Hatua ya 4: Simulia kisa chenyewe (kipindi cha tatu)

Funga kitabu. Simulia kwa dakika 15 bila kuandika ubaoni. Watoto wetu wamekulia kwenye masimulizi, na hakuna zana ya kufundishia inayoishinda sauti ya mwalimu anayeijua habari yake.

Mambo ya lazima kwenye simulizi, kwa mpangilio huu:

Pamba. Utawala wa Kijerumani uliwalazimisha watu wa pwani ya kusini kulima mashamba ya pamba ya pamoja chini ya majumbe na maakida, yaani wasimamizi waliowekwa na serikali. Watu waliacha mashamba yao ya chakula wakati wa msimu. Malipo yalikuwa madogo mno au hayakuwepo, na aliyekataa alichapwa. Hapa toa ile pamba uliyoileta, ipitishe mkono kwa mkono. Uliza: ukilazimishwa kulima hii badala ya mtama, utakula nini?

Kinjikitile. Huko Ngarambe, karibu na mto Rufiji, alikuwepo mtu aliyeitwa Kinjikitile Ngwale. Wazee walisimulia kwamba alichukuliwa na pepo aitwaye Hongo akazama kwenye bwawa, na siku iliyofuata akatoka akiwa mkavu. Watu walianza kumiminika kwake kutoka mbali. Aliwapa maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mtama, akawaambia yatawakinga na risasi. Akawaambia pia kwamba watu wote ni wamoja. Aliwataka wasubiri amri yake ya kuanza vita.

Mashina ya pamba. Hawakusubiri. Mwishoni mwa Julai 1905, katika vilima vya Umatumbi, kijijini Nandete, watu waling'oa mashina machache ya pamba. Simama hapa. Uliza darasa: kung'oa mimea michache ni vita? Kwa nini walichagua pamba, badala ya kuanza kwa kumpiga mtu? Majibu ya watoto yatakushangaza. Ni tangazo, kila aliyeona alielewa.

Kifo cha Kinjikitile. Alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa vichanga. Na vita havikuisha. Sisitiza jambo hili, kwa sababu maswali mengi ya mazoezi yanamfanya mtoto aamini kwamba vita vilikuwa vya mtu mmoja. Kama kiongozi alikufa mwanzoni kabisa, nani aliviendeleza kwa karibu miaka miwili?

Mahenge. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji waliivamia boma ya Mahenge. Ndani kulikuwa na bunduki za rashasha. Usieleze miili. Sema tu kwamba wengi sana walikufa siku ile, na kwamba walioona walianza kujiuliza kuhusu maji.

Songea. Wangoni walijiunga. Vita vilipowaelemea, Wajerumani waliwakamata viongozi wao na kuwanyonga makumi kadhaa mjini. Nduna Songea Mbano, mmoja wa viongozi hao, alinyongwa mwaka 1906. Mji wa Songea umebeba jina lake.

Jambo moja ambalo walimu wengi hulipita: askari wengi waliopigana upande wa Wajerumani walikuwa Waafrika. Na jamii nyingine hazikujiunga. Wahehe, waliokuwa wamepigana na Wajerumani miaka mingi chini ya Mkwawa hadi kifo chake 1898, hawakuingia vita hivi, na baadhi yao walisaidia upande wa pili. Mwambie mtoto hivyo. Ukimficha, atajenga picha ya weusi wote upande mmoja na weupe upande wa pili, kisha akifika sekondari itabidi aibomoe. Tena hapo ndipo swali letu la ukutani linapoiva: kama kuna waliokataa, basi waliokubali walikuwa na sababu. Sababu gani?

Umefaulu kama, baada ya simulizi, mtoto anaweza kumsimulia jirani yake kwa dakika tatu bila kukosea mpangilio wa pamba, maji, Nandete, Mahenge na Songea. Tarehe akizisahau hapa si neno. Kamba inazo.

## Hatua ya 5: Chora ramani ya majivu (kipindi cha nne, nusu ya kwanza)

Nje tena. Mwaga majivu kuchora pwani ya Bahari ya Hindi, mto Rufiji na Ziwa Nyasa. Watoto waweke mawe: Kilwa, Nandete, Ngarambe, Mohoro, Liwale, Mahenge, Songea. Kwenye ramani ya kitabu majina haya ni nukta. Kwenye uwanja mtoto anatembea kutoka Nandete hadi Songea na kuona vita vilienea hadi wapi.

Mweke mtoto mmoja kwenye kila jiwe akiwa na jina la jamii: Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wangoni. Mmoja aanze Ngarambe akiwa na kikombe cha maji na kuwapitishia. Basi. Hilo linatosha kuonyesha habari ilisafiri vipi kutoka kijiji hadi kijiji.

Usifanye igizo la mapigano, wala la kunyonga. Najua linavutia na wageni wa siku ya wazazi hulipenda. Lakini watoto watacheka, watapigana kweli, na yule uliyempa nafasi ya Mjerumani ataitwa hivyo mpaka amalize shule ya msingi. Igizo la kikombe lina heshima, na linajibu swali letu.

## Hatua ya 6: Maji, na njaa (nusu ya pili, na kipindi cha tano)

Mtoto mmoja atacheka. Atasema: "Mwalimu, walikuwa wajinga, maji yanazuiaje risasi?" Jiandae, kwa sababu jibu lako hapa ndilo litakaloamua kama mtoto ataondoka akiwadharau mababu zake au akiwaelewa.

Usimkemee. Usiseme pia kwamba maji yalifanya kazi. Mwulize darasa: kabla ya maji, Mmatumbi na Mngoni walikuwa na kitu gani kinachowaunganisha? Hakuna mfalme mmoja, hakuna jeshi moja, hakuna gazeti. Sasa mtu aliyekunywa maji yale na mwenzake wa kijiji cha siku tatu kutoka hapo wamekula kiapo kimoja. Maji yaliwapa kitu cha kuwafanya wamoja na ujasiri wa kuthubutu. Hayakuzuia risasi, nao walilijua hilo baada ya kuona wenzao wanakufa. Wengi waliendelea kupigana hata hivyo, kwa kuvizia na kukimbia. Kwa nini? Rudi kwenye pamba.

Kisha njaa. Wajerumani walichoma mashamba na maghala ili wapiganaji wakose chakula. Watu wengi zaidi walikufa kwa njaa na maradhi yaliyoifuata kuliko kwa risasi. Sasa toa zile kazi za nyumbani. Mtoto aliyeambiwa na bibi yake kwamba walikula mizizi ya porini anaelewa ghala kuchomwa ni nini. Wasome majibu yao, watoto wanane au kumi, taratibu.

Idadi ya waliokufa usiifundishe kama namba moja. Takwimu za Wajerumani zilitaja watu 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamekadiria kati ya 250,000 na 300,000. Weka namba zote ubaoni na uulize: kwa nini zinatofautiana hivi? Nani alikuwa anahesabu? Waliokufa porini kwa njaa miezi sita baadaye, nani aliwaandika? Mtoto aliyefanya zoezi la mstarini atajibu mwenyewe.

Malizia kwa kurudi kwenye kamba. Mpe mtoto kadi ya 2023, sentimita 1230. Tarehe 1 Novemba mwaka huo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani wakati wa ukoloni. Ndugu wa ukoo wa Songea Mbano wamekuwa wakidai kurudishwa kwa fuvu lake. Kadi hii ikae karibu kabisa na zile za kuzaliwa kwa watoto. Waache waone wenyewe kwamba jambo la sentimita 50 bado linaongelewa sentimita 1230.

Shule zilizo Ruvuma zina bahati: Makumbusho ya Majimaji iko pale Songea mjini, na kila tarehe 27 Februari mashujaa wanakumbukwa. Panga ziara yako mbali na siku ya maadhimisho yenyewe, maana umati utawafanya watoto wasione kitu.

## Hatua ya 7: Pima walichopata (kipindi cha sita)

Usianze na maswali ya kuchagua. Yafanye mwishoni, kwa ajili ya mtihani. Kwanza kila mtoto ajibu swali la ukutani kwa aya moja, mistari sita hadi nane, akitumia angalau mambo mawili kutoka kwenye simulizi na kusema tunajuaje.

Wakati wa kusahihisha, panga madaftari mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la anayeandika: "Walipigana kwa sababu ya ukoloni." Huyu amekariri. Mrudishe kwenye pamba, umwulize kwa mdomo.

La pili: "Walilazimishwa kulima pamba na kupigwa viboko, wakakosa muda wa kulima chakula." Huyu ana sababu, lakini hajajibu neno *pamoja*. Mwulize: mbona kila kijiji hakikupigana peke yake?

La tatu: "Watu wa vijiji vingi waliteswa na pamba na kodi, lakini hawakuwa na kiongozi mmoja. Maji yaliwafanya wawe kitu kimoja. Tunajua kwa sababu wazee walihojiwa." Huyu amefika. Sarufi yake ikiwa na makosa, yasahihishe, ila usimpunguzie alama za historia.

Kama nusu ya darasa wako fungu la kwanza, tatizo haliko hatua ya 7. Mara nyingi liko kwenye simulizi: ulisoma kitabuni, au uliandika ubaoni wakati wakikusikiliza. Simulia tena.

## Kama shule yako iko mbali na kusini

Mbinu ni ileile, kisa ndicho kinachobadilika. Mtoto wa Kilimanjaro aanze na Mangi Meli, aliyenyongwa Moshi Machi 1900, ambaye kadi yake inakaa mwanzoni kabisa mwa kamba. Iringa wana Mkwawa, Pangani wana Abushiri bin Salim aliyenyongwa Desemba 1889, Tabora wana Isike wa Unyanyembe. Kwa hao walio kabla ya 1900, ongeza kipande cha kamba upande wa kushoto, mita moja au mbili, na mtoto ahesabu kwa kurudi nyuma.

Walimu wa Kenya watapata jambo zuri kwenye sentimita 50: Koitalel arap Samoei wa Wanandi aliuawa Oktoba 1905, miezi michache tu baada ya Nandete, upande wa pili wa mpaka uliochorwa na wakoloni. Zibaneni kadi zote mbili pamoja, halafu waulizeni watoto kama walijuana. Kwa Wagiriama, Mekatilili wa Menza yuko sentimita 130 hadi 140.

Baada ya kipindi cha sita usifungue kamba na kuitupa. Izungushe kwenye kipande cha mti kadi zikiwa bado zimebanwa, iweke juu ya kabati ofisini, na mada inayofuata, iwe Vita Kuu ya Kwanza au kudai uhuru, ianze kwa kuitandaza tena na kumwita mtoto mmoja aonyeshe tulipoishia.